Maziwa, kuku wa pikipiki na haki za wanyama

Mimi ni daktari wa mifugo hapa Masasi. Vijana huniuliza sana siku hizi: hawa vegani, watu walioacha nyama, mayai, hata asali, wana ugomvi gani na maziwa? Ng'ombe si anakamuliwa tu, hachinjwi?

Harakati yao ilizaliwa na swali hilohilo. Novemba 1944, huko Uingereza, Donald Watson na wenzake wachache, ambao nyama walishaiacha, waliunda chama chao kipya kwa sababu ya maziwa. Ng'ombe hatoi maziwa bila kuzaa. Kwenye mashamba makubwa ya maziwa huzalishwa karibu kila mwaka, ndama anaondolewa kwa mama mapema, na ndama dume mara nyingi huishia machinjioni. Anayenunua maziwa, basi, anaichangia nyama pia. (Wafugaji wetu wengi humwachia ndama anyonye kwanza, lakini dume naye mwisho wake ni buchani.) Kwa jicho la kitaalamu, hoja hiyo sina pa kuipinga.

Wanaosema haya ni mambo ya Wazungu siwaungi mkono. Kisamvu cha nazi, mbaazi, kunde: nyumba ngapi za kusini hula hivyo wiki nzima? Ila vitamini B12 haipatikani kwenye mimea ya kawaida. Aliyeacha kila kitu cha mnyama ameze vidonge vyake, asidanganywe na mtu.

Wapo wanaharakati wanaotaka binadamu aache kabisa kumtumia mnyama, na wapo wanaotaka mateso yapungue. Mimi niko na hawa wa pili, maana kuku anayening'inizwa kichwa chini kwenye pikipiki leo hawezi kungoja dunia nzima iache nyama. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008.

Kuku hana kiwambo, ule msuli ambao kwetu sisi hutenga kifua na tumbo. Ukimgeuza, ini na matumbo vinakandamiza vifuko vyake vya hewa, naye anahangaika kupumua njia nzima. Wengine hufika sokoni wamekufa, mwenye mali akalaumu jua. Nawaomba wachuuzi watumie tenga lenye matundu ya kupitisha hewa, kuku wakae kwa miguu yao bila kurundikwa, na safari ianze alfajiri.