Outlook Inapogoma Kufunguka Baada ya Kusakinisha Programu Nyingine

Mwezi uliopita nilipigiwa simu na mhasibu wa ofisi moja ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam, ambaye tangu asubuhi alikuwa akibofya alama ya Outlook, programu yake ya barua pepe, bila mafanikio. Kidirisha cha buluu kilijitokeza, kikaonyesha kwamba profaili, yaani mipangilio ya akaunti yake ya barua, inapakiwa, kikakaa sekunde chache, kisha kikatoweka pasipo ujumbe wowote wa kosa. "Kaka, mimi sikugusa kitu," alinihakikishia. Nilipomuuliza mara ya pili akakumbuka kwamba Ijumaa jioni alisakinishiwa programu tatu kwa mkupuo: ya printa mpya, ya kusaini faili za PDF, na ya kuoanisha simu yake na kompyuta. Kijana wa ofisini alikuwa ameshaiondoa Office yote na kuirudisha upya, kazi iliyokula saa mbili na sehemu kubwa ya bando la ofisi, na Outlook ikaendelea kugoma vilevile.

Sikushangaa, kwa sababu katika hali kama hii ni nadra sana Outlook yenyewe kuwa mgonjwa. Kila inapoanza, husoma katika rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio ya kompyuta, orodha ya programu jalizi, yaani vijiprogramu ambavyo programu nyingine zimevipachika ndani yake ili viongeze kitufe, vikague viambatisho au vioanishe kalenda. Vijiprogramu vya aina hii ya zamani huendeshwa ndani ya mchakato uleule wa Outlook na kutumia kumbukumbu ileile, kwa hiyo kimoja kikianguka huanguka na mwenyeji wake. Orodha hiyo haiandikwi na Office bali na kila programu iliyojipachika, na ndiyo maana kuiondoa Office na kuirudisha hakuifuti: Outlook mpya kabisa inaamka, inawakuta wageni walewale mlangoni, na inawakaribisha.

Jambo la kwanza nililomwomba afanye lilikuwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili tuone kama OUTLOOK.EXE bado inaendelea kimyakimya. Mara nyingi dirisha hutoweka lakini mchakato hubaki ukining'inia, na kila ubofyaji unaofuata hukwama kwa sababu ya ule wa awali. Tukausitisha. Kisha akabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, akaandika outlook.exe /safe, akizingatia nafasi moja kabla ya mkwaju, na kuingiza. Amri hii huifungua Outlook katika hali salama, bila programu jalizi hata moja. Anayeogopa kuandika amri anaweza kushikilia Ctrl huku akibofya alama ya Outlook, naye ataulizwa kama anataka hali hiyo.

Ilifunguka mara moja. Kwangu mimi jibu hilo lina thamani kuliko saa mbili za kusakinisha upya, maana limeshaonyesha kwamba profaili inasomeka na barua zipo salama, na kwamba msako ubaki kwa wageni.

Wengi wakifika hapa huondoa alama za tiki kwenye programu jalizi zote na kuzirudisha moja moja, wakiifunga na kuifungua Outlook kila mara. Njia hiyo hufanya kazi, lakini mimi hupenda kuisoma kumbukumbu ya matukio kwanza, kwa sababu Windows huwa imeshaandika jina la mkosaji. Ukifungua Event Viewer, ukaingia Windows Logs kisha Application, utafute tukio namba 1000 lililotokea dakika ile Outlook ilipoanguka. Ndani yake kuna mstari unaotaja programu iliyoanguka, na chini yake mwingine unaotaja moduli iliyosababisha anguko, kwa kawaida faili lenye mkia wa .dll, pamoja na folda lilimo. Folda hiyo ndiyo ushahidi wenyewe: kwa mhasibu wetu ilikuwa ya ile programu ya simu.

Kuna tukio jingine ambalo mafundi wengi hulipita, namba 45, linaloandikwa na Outlook yenyewe kila inapofanikiwa kufunguka kikamilifu. Huorodhesha programu jalizi zote zilizopakiwa na muda ambao kila moja ilichukua kwa milisekunde. Tulilitafuta la Ijumaa mchana, kabla ya usakinishaji, tukalilinganisha na orodha ya sasa. Majina mawili yalikuwa mapya, la PDF na la simu. Programu ya printa haikuwa imepachika kitu.

Kuizima programu jalizi kama ile ya simu ni rahisi, ingawa kuna mtego mmoja. Ndani ya hali salama unaingia File, Options, Add-ins, halafu chini kabisa unachagua COM Add-ins na kubofya Go, ndipo unaondoa tiki. Iwapo programu ilisakinishwa kwa ajili ya watumiaji wote wa kompyuta, Outlook itakataa na kusema kwamba hali yake haiwezi kubadilishwa. Hapo inabidi Outlook ifunguliwe kwa mamlaka ya msimamizi, ndipo tiki iondoke.

Yapo masuala ambayo si ya kuanguka bali ya uvivu. Tangu toleo la 2013, Outlook hupima muda wa kila programu jalizi katika kufunguka mara 5 mfululizo, na ile ambayo wastani wake wa kati unazidi milisekunde 1,000 huzimwa yenyewe. Wapo watumiaji wanaoiwasha tena kwa hasira na kuagiza isizimwe kamwe, kisha wanalalamika kwamba kompyuta imezeeka. Zile za vizuia virusi mimi huzizima bila kusita, kwa kuwa kizuia virusi hukikagua kiambatisho wakati kinapofunguliwa hata bila kujipachika ndani ya Outlook.

Kama hata hali salama ingegoma, ningejaribu outlook.exe /resetnavpane, inayorudisha upya kidirisha cha folda, halafu profaili mpya kupitia Mail kwenye Control Panel, na mwisho SCANPST.EXE, zana ya kurekebisha faili la barua lililoharibika. Hapo naonya jambo moja tu: faili la .ost ni nakala ya kilichopo kwenye seva na kwa kawaida hujengeka upya, lakini faili la .pst mara nyingi ndilo pekee lenye barua hizo, na nimeshashuhudia miaka sita ya mawasiliano ikifutwa na mtu aliyedhani anasafisha kompyuta.

Tulipomaliza, mhasibu aliifungua Outlook kwa njia ya kawaida na barua za siku tatu zikaanza kushuka. Aliuliza kama picha za simu zitaendelea kuhamia kwenye kompyuta. Nilimjibu kwamba zitahamia kama kawaida, kwa kuwa tulichozima ni uoanishaji wa kalenda na anwani peke yake. "Kalenda naandika ukutani," alisema, akaifungua barua ya kwanza, iliyohusu meli iliyofunga gati tangu Jumamosi, na kuniambia tutaongea baadaye.