Mwaka Mmoja Uliogeuka 13: Kutoka Hati ya Muungano hadi Katiba ya 1977

Hati ya Makubaliano ya Muungano, ile iliyotiwa saini na Mwalimu Julius Nyerere na Sheikh Abeid Amani Karume mjini Zanzibar tarehe 22 Aprili 1964, ina ibara nane tu. Nafundisha sheria ya katiba, na kila tunapofika hapa wanafunzi hukimbilia ibara ya nne, yenye orodha ya mambo 11 ya Muungano: mambo ya nje, ulinzi, polisi, uraia, uhamiaji, kodi ya mapato, bandari na mengineyo. Ni orodha muhimu, sikatai. Lakini mimi huwavuta kwanza kwenye ibara ya saba, kwa sababu ndiyo iliyobeba ahadi.

Ibara hiyo inamtaka Rais, kwa kukubaliana na Makamu wake aliye mkuu wa serikali ya Zanzibar, ateue tume ya kupendekeza katiba ya Jamhuri mpya. Kisha aitishe Bunge la Kutunga Katiba lenye wajumbe wa Tanganyika na Zanzibar, kwa idadi watakayoafikiana wao wawili, na Bunge hilo likutane ndani ya mwaka mmoja tangu Muungano kuanza.

Kwa maneno mengine, waasisi wenyewe hawakuichukulia Hati kuwa katiba. Ilikuwa mkataba wa nchi mbili zilizokuwa na mamlaka kamili, ukieleza zitaishije pamoja hadi katiba ipatikane. Katika kipindi hicho cha mpito, inasema ibara ya tatu, katiba ya Jamhuri ya Muungano itakuwa ile ile ya Tanganyika, ikirekebishwa ili Zanzibar ibaki na chombo chake cha kutunga sheria na serikali yake kwa mambo yasiyo ya Muungano. Makamu wa Rais wakawa wawili: Karume akawa Makamu wa Kwanza, na Rashidi Kawawa wa Pili.

Hapo ndipo lilipoanzia lile lalamiko ambalo kila Mzanzibari analijua, kwamba Tanganyika imevaa koti la Muungano. Katiba ya Tanganyika ilivishwa nchi nzima, serikali ya Tanganyika ikayeyuka ndani yake, na mambo ya Bara yasiyo ya Muungano yakawa yanaamuliwa na Bunge lile lile na mawaziri wale wale wa Muungano. Kwa mpangilio wa mwaka mmoja, hilo lingevumilika. Tatizo ni kwamba mwaka ule haukwisha.

Aprili 1965 ilipokaribia, hapakuwa na tume wala Bunge la Kutunga Katiba. Bunge likapitisha Sheria Na. 18 ya mwaka huo kuahirisha jambo lote hadi wakati utakapofaa, bila kutaja tarehe. Miezi michache baadaye ikaja Katiba ya Muda ya 1965, kwa Sheria Na. 43. Hapa naomba msomaji apunguze mwendo. Moyo wa Katiba ya Muda ulikuwa mfumo wa chama kimoja: TANU kwa Bara, ASP (Afro-Shirazi Party) kwa Zanzibar, na katiba ya TANU ikaambatanishwa kama nyongeza. Mapendekezo ya mfumo huo yalitoka kwa tume iliyoteuliwa Januari 1964, chini ya Kawawa, miezi mitatu kabla Muungano haujakuwepo. Haikuwa tume ya ibara ya saba. Ilikuwa tume ya Tanganyika, iliyopewa swali la Tanganyika, na majibu yake yakawa msingi wa katiba ya nchi mbili zilizoungana.

Sababu za kuahirisha si za kudharau. Zanzibar ilikuwa imetoka kwenye Mapinduzi ya 12 Januari 1964; Baraza la Mapinduzi ndilo lililotawala na ndilo lililotunga sheria, na visiwa havikuwa na katiba yao wenyewe hadi 1979. Kumpelekea Karume mezani suala la wajumbe, kura na mgawanyo wa madaraka kungeweza kuvunja kilichounganishwa juzi. Naelewa busara hiyo. Ila naona pia gharama yake: wakati katiba ya kudumu ikisubiriwa, orodha ya mambo ya Muungano iliendelea kurefushwa kwa sheria za kawaida za Bunge. Sarafu na benki ziliingia mapema. Mafuta na gesi asilia viliingia mwaka 1968. Leo orodha ina mambo 22, mara mbili ya yale yaliyokubaliwa na nchi mbili kwa saini.

Karume aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, Aboud Jumbe akashika nafasi yake, na ukaribu wa vyama viwili ukaongezeka. Tarehe 5 Februari 1977 TANU na ASP viliungana kuwa Chama Cha Mapinduzi. Katiba ya chama kipya iliandaliwa na tume ya watu 20, kumi kutoka kila chama, chini ya Sheikh Thabit Kombo. Machi mwaka huo huo, watu wale wale 20 waliteuliwa kuwa tume ya katiba ya nchi. Wabunge waliokuwepo wakageuzwa kuwa Bunge Maalum, na tarehe 25 Aprili 1977 Katiba ya kudumu ikapitishwa. Kwa kalenda, ahadi ya ibara ya saba ilitimizwa baada ya miaka 13. Tume ilikuwepo, Bunge lilikuwepo. Lakini katiba iliyosubiriwa muda wote huo ilikamilika ndani ya wiki chache, na utangulizi wake unasema imetungwa na Bunge Maalum "kwa niaba ya Wananchi", ambao hawakupata nafasi ya kuijadili.

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: Katiba ya 1977 iliiua Hati? Wapo wanasheria wanaosema ndiyo, kipindi cha mpito kilikwisha na Hati ikabaki historia. Mimi siungani nao. Katiba haikuunda Muungano, iliukuta. Kilichouzaa ni Hati, na ukiiondoa, hakuna andiko jingine linaloeleza kwa nini Zanzibar iko ndani ya Jamhuri hii na kwa masharti gani.

Hata hivyo, kinachotendeka kinaenda kinyume na msimamo wangu, na mfano ulio wazi kabisa ni wa 1994. Hati ilisema mkuu wa serikali ya Zanzibar atakuwa Makamu wa Rais wa Jamhuri. Vyama vingi vilipoingia 1992, ikaonekana Rais wa Zanzibar angeweza kutoka chama kisicho cha Rais wa Muungano. Badiko la 11 la Katiba likamwondolea Rais wa Zanzibar umakamu na kumwingiza katika Baraza la Mawaziri. Ibara ya 98 ya Katiba ina kinga: baadhi ya mambo hayabadilishwi bila theluthi mbili ya wabunge wote wa Bara na theluthi mbili ya wote wa Zanzibar, wakihesabiwa mbalimbali. Ni kinga nzuri, lakini ni ya wabunge wa Bunge moja. Pande mbili zilizosaini mkataba hazikukaa tena mezani kama pande mbili.

Mahakama nayo imeegemea ibara ya kwanza ya Hati, ile ya Jamhuri moja yenye mamlaka kamili. Katika kesi ya Machano Khamis Ali na wenzake 17, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 2000 kuwa kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar si dola. Miaka kumi baadaye, Zanzibar ilirekebisha Katiba yake ya 1984 na kujitaja kuwa nchi. Ibara ya 1 ya Katiba ya Muungano bado inasema: "Tanzania ni nchi moja na ni Jamhuri ya Muungano." Maandiko yote mawili yana nguvu ya sheria hivi sasa.

Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Jaji Joseph Warioba ilijaribu kulimaliza hilo kwa serikali tatu: ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar. Bunge Maalum la 2014 likarudi kwenye mbili, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 ikaahirishwa, safari hii pia bila tarehe.