Metron ya Wagiriki: kipimo, si mita

Kwenye mahubiri, kwenye semina za viongozi na hata kwenye madarasa ya hisabati, neno la Kigiriki cha kale metron hutajwa mara nyingi, na mara nyingi huvishwa maana isiyo yake. Ninalipenda neno hili na nalionea uchungu linapopotoshwa, hasa kwa sababu sisi wasemaji wa Kiswahili tunayo maneno ya kulielewa bila taabu. Nianze na dhana iliyoenea zaidi.

Dhana potofu: metron ni mita

Mita ni kitukuu chake. Wafaransa walilichukua neno la kale wakalipa kazi mpya baada ya mapinduzi yao, na sheria ya tarehe 7 Aprili 1795 ikatamka kwamba mita ni sehemu moja kati ya milioni kumi ya umbali wa kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ikweta. Mgiriki wa kale hakuwa na urefu ulioitwa metron. Alipima kwa kidole, kwa unyayo, kwa dhiraa, na kwa stadioni yenye nyayo 600. Stadioni ya Olympia ilikuwa yapata mita 192.

Metron ni kipimo: kile unachopimia, na pia kiasi ulichopima. Katika kitabu cha 12 cha Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Troya, wapo wanaume wawili wamesimama kwenye shamba la pamoja, kila mmoja ameshika metron mkononi, wanagombania mpaka kwenye kipande kidogo cha ardhi. Hapo ni ufito au kamba ya kupimia. Lakini katika kitabu cha 7 cha utenzi huohuo, meli zinafika kutoka kisiwa cha Lemnos zikiwa na metra (wingi wa metron) 1,000 za mvinyo kwa ajili ya Agamemnon, mkuu wa jeshi la Wagiriki, na ndugu yake. Hapo ni vyombo. Neno ni moja, na Kiswahili hakisumbuki nalo, maana hata sisi fundi ana kipimo na muuza mchele ana kipimo.

Dhana potofu: ni neno la wanafalsafa, halikuhusu watu wa kawaida

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu inalitoa neno sokoni lilikozoeleka na kulifungia maktaba.

Athens ilikuwa na maofisa kumi walioitwa metronomoi, watano wa mjini na watano wa bandari ya Piraeus, waliochaguliwa kwa kura ya bahati. Kazi yao ilikuwa kuhakikisha wauzaji wanatumia vipimo na mawe ya mizani yaliyo halali. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua kwenye agora, uwanja wa soko, ya Athens vyombo vya udongo vya kupimia nafaka, vimepigwa muhuri na kuandikwa demosion, yaani mali ya umma. Anayedhani amepunjwa alikuwa na pa kulinganishia.

Na watu walipunjwa kweli. Theophrastus, mwanafunzi wa mwanafalsafa Aristotle, alichora kwa maneno tabia za watu, na bahili wake huwapimia watu wa nyumbani mwake posho kwa metron ambayo kitako kimegongwa kikaingia ndani, kisha huipangusa juu kwa nguvu isibaki hata punje ya ziada. Aliyewahi kununua maharage kwa kopo au gorogoro iliyobonyezwa chini anamjua mtu huyu. Na mkulima aliyefungiwa lumbesa anajua dhuluma hiyo kutoka upande wa pili, pale mnunuzi anapoligeuza gunia kuwa mlima na kulilipia kama gunia.

Ukishaiona ile pangusa ya bahili, maneno ya Luka 6:38 yanang'aa upya: "kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika." Neno la Kigiriki pale ni metron. Ni chombo cha nafaka, na kila kitendo kinachotajwa ni cha muuzaji mkarimu: anashindilia, anatikisa nafasi zijae, anaongeza mpaka inamwagika. Watafsiri wetu wa Biblia waliusikia vyema ulimwengu huu. Katika Ufunuo 6:6, pale Kigiriki kinaposema choinix, kipimo cha yapata lita moja kilichohesabiwa kuwa chakula cha mtu mmoja kwa siku, wao waliandika "kibaba". Sijui neno ambalo lingefaa zaidi.

Dhana potofu: "metron ariston" maana yake kila kitu kiwe nusu kwa nusu

Msemo huu, "kipimo ni bora kabisa," unanasibishwa na Cleobulus wa Lindos, kisiwani Rhodes, mmoja wa wale saba walioitwa wenye hekima. Watu huufasiri kana kwamba unasifu uvuguvugu: usizidi, usipungue, kaa katikati. Sivyo. Kiswahili kina neno lake hasa, nalo ni kiasi. Tunaposema mtu ana kiasi hatumaanishi kwamba ana nusu ya kitu. Tunamaanisha anajua kinachotosha.

Hesiod, mshairi aliyekuwa mkulima, analiweka wazi bila falsafa yoyote. Anaonya kwamba ukilipakia gari mzigo kupita uwezo wake, ekseli itavunjika na mzigo utaharibika. Kwa hiyo, anasema, chunga metra. Kiasi cha gari si nusu ya gari. Ni mzigo ambao ekseli hii inaubeba mpaka nyumbani.

Aristotle, ambaye kwa kawaida hutumia neno jingine kwa jambo hili, alitoa mfano ambao ningependa kila mhubiri wa "wastani" auzingatie. Ikiwa ratili kumi za chakula ni nyingi na mbili ni chache, mwalimu wa wanamichezo hataagiza sita kwa kila mtu. Kwa Milo, yule mpiga mieleka mashuhuri, sita ni kidogo. Kwa anayeanza mazoezi ni nyingi mno.

Dhana potofu: Protagoras alisema binadamu ni bora kuliko viumbe vyote

"Mtu ni metron ya vitu vyote," alisema Protagoras wa Abdera, mwalimu wa hekima aliyefundisha kwa malipo, katika karne ya 5 K.K., na tangu hapo sentensi hiyo imebandikwa kila penye kusifu ukuu wa mwanadamu. Sehemu inayofuata huachwa: ya vilivyopo kwamba vipo, na ya visivyopo kwamba havipo. Mwanafalsafa Plato anaieleza kwa upepo. Upepo mmoja unavuma, mmoja wetu anasikia baridi, mwingine hasikii. Je, upepo wenyewe ni baridi? Kwa Protagoras, ni baridi kwa anayesikia baridi, si baridi kwa asiyesikia. Yaani kila mtu anatembea na kibaba chake.

Plato alimbana hapo hapo. Kama ni hivyo, kwa nini usiseme nguruwe au nyani ndiye kipimo, maana nao wana hisia? Na kama kila mtu ni kipimo cha kweli yake, wanafunzi wanamlipa Protagoras ada ya nini? Uzeeni, katika kitabu chake Laws (Sheria), Plato akaandika kwamba Mungu ndiye kipimo cha vitu vyote kwetu. Walishindana juu ya nani ashike chombo.

Dhana potofu: metropoli na treni ya metro zimetokana na metron

Hapana. Metropoli imetokana na mētēr, mama, pamoja na polis, mji: mji mama. Metro ni kifupi cha reli ya "metropolitani" ya Paris iliyofunguliwa mwaka 1900. Jiometria ndiyo ya ukoo wa metron, kupima ardhi.

Dhana potofu: metron ya ushairi ni sawa na mizani yetu

Hapa kosa ni dogo na linaeleweka. Kama metron, mizani yetu ni neno la sokoni lililohamia kwenye beti. Ila sisi tunahesabu silabi, nane kwa nane, ndefu au fupi haidhuru. Mgiriki alisikiliza muda: silabi ndefu na fupi zilipangwa kwa zamu, na fungu moja la mpangilio ndilo lililoitwa metron. Ndiyo maana mstari wa tamthilia zao unaoitwa trimeta una metra tatu tu, ingawa ukihesabu hatua za ndefu na fupi utapata sita.

Solon wa Athens, mtunga sheria na mshairi, aliishi pande zote mbili za neno hili. Husimuliwa kwamba alivikuza vipimo vya soko la mji wake, na katika shairi lake linalotaja kazi za watu, baharia, mkulima, fundi, anafika kwa mshairi na kumwita mtu ajuaye metron ya hekima ipendezayo.