Kabla ya Kusema Mikoko Imekwisha, Tazama Mwezi Ulikuwa Mngapi

Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa lililosimama baharini Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru, kwa kuwa ilikuwa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya. Kazi yake ilikuwa kuchunguza eksirei zitokazo mbali angani. Mwaka 1972 Marekani ikarusha Landsat ya kwanza, na hiyo ilitumwa kutazama ardhi. Tangu hapo Ngomeni imepigwa picha miaka nenda miaka rudi, na tangu 2008 picha za Landsat ni bure kwa kila mwenye intaneti.

Ukizipanga kwa miaka, jambo la kwanza kuonekana kati ya Gongoni, Ngomeni na Marereni ni mashamba ya chumvi. Hayajifichi. Mkono wa bahari hupindapinda, lakini kuta za vidimbwi vya chumvi zimenyooka, na rangi ya maji hubadilika kidimbwi hadi kidimbwi kadiri yanavyokauka, mpaka yakawa meupe. Hapo huhitaji mtaalamu.

Mtaalamu anahitajika kwenye mpaka wa mikoko na tope, na hapo ndipo wengi wetu hukosea. Jani hai hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao jicho letu halioni, na maji huumeza mwanga huo. Kwa hiyo mikoko ileile, maji yakiingia chini yake, huonekana hafifu kwenye picha, na michipukizi ya upande wa bahari huweza kupotea kabisa. Mtu akilinganisha picha mbili bila kujua maji yalikuwaje, atatangaza msitu umekatwa, kumbe bahari ilikuwa imejaa.

Setilaiti hizi hupita juu yetu karibu saa nne na nusu asubuhi. Mvuvi wa Malindi anajua maana yake. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu na bahari ikijaa na kupwa sana, saa hiyo maji yamekupwa na tope liko wazi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu na bahari ikijaa na kupwa kidogo, saa hiyohiyo maji yako juu. Basi tarehe ya Kizungu peke yake haitoshi. Mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hivyo tarehe iliyoangukia bamvua mwaka huu, baada ya miaka 2 itaangukia maji mafu. Ninapochagua picha za kulinganisha, huanza na mwezi: mwandamo kwa mwandamo, mpevu kwa mpevu, kisha ndipo nitazame mwaka. Kalenda ya msikitini hunisaidia hapa kuliko programu nyingi za kompyuta.

Msimu nao una neno. Picha za kiangazi cha kaskazi, Januari na Februari, ndizo bora: mawingu ni machache, na vichaka vya bara vimekauka wakati mikoko imebaki kijani. Wakati wa masika kila kitu ni kijani, na huwezi kutenga mkandaa, aina moja ya mikoko, na kichaka.

Tena si kila badiliko ni kazi ya mtu. Mto Sabaki hushusha udongo mwingi kutoka bara. Fungu hujengeka mdomoni, na mchu, aina nyingine ya mikoko, ukapata pa kuota. Mahali pengine udongo kama huo ukizika mizizi ya kupumulia, miti hufa imesimama.

Kuna kasoro ambayo setilaiti haijaiponya. Alama moja (pikseli) ya picha ya Landsat za sasa ni mita 30 kwa 30. Ya Sentinel-2, setilaiti za Ulaya zilizoanza 2015, ni mita 10. Ukanda mwembamba wa mikoko kando ya mfereji humezwa ndani ya alama moja pamoja na maji na tope. Na mkata boriti anayechagua miti iliyonyooka na kuacha iliyopinda, huacha mwavuli wa majani ukiwa kijani vilevile. Kwenye picha msitu u mzima. Ndani yake hamna boriti.

Ndiyo maana tunawaomba wakaazi wa Ngomeni, Sabaki na Mida: tukija na ramani, tuonyesheni mlango wa maji uliozibwa na mwaka ulipozibwa, pale palipokuwa na mikoko ya kukata nguzo, na mahali mlipopanda wenyewe. Taja mti kwa jina lake, mkoko, mchu, mkandaa au mlilana, kwa kuwa kila mmoja una mahali pake pa kukaa na maji.