Maana ya kuunganisha miti ya ukoo mtandaoni

Kuunganisha miti ya ukoo ni kumpata mtu mmoja aliyeandikwa, au anayestahili kuandikwa, katika miti miwili iliyotengana, kisha kuifanya miti hiyo ikutane kwake. Mengine yote, yaani kutafuta vyeti, kubishana kuhusu miaka na kuwaandikia watu msiojuana, ni kazi ya kuthibitisha kwamba mtu huyo kweli ni mmoja.

Jambo hili lina maana hasa kwenye tovuti za nasaba zinazotunza mti mmoja kwa ajili ya wote, kama vile Geni iliyoanza mwaka 2007, WikiTree iliyoanza 2008, na mti wa pamoja wa FamilySearch. Huko kila binadamu anatakiwa awe na ukurasa mmoja tu, na jamaa wote wanaomhusu wanaushughulikia ukurasa huohuo. Ukimwandika babu yako aliyezaliwa Tanga, na binamu yako anayeishi Muscat naye akamwandika kivyake, mmemfanya babu mmoja kuwa watu wawili. Miti yenu inasimama mbalimbali, na kompyuta haina namna ya kujua kwamba ninyi ni ndugu hadi mtu aionyeshe.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua uko Unguja. Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar hadi alipofariki baharini mwaka 1856, ana shajara, yaani mstari wa nasaba, inayojulikana vizuri: Said bin Sultan bin Ahmad bin Said, na huyo Ahmad ndiye imamu aliyeasisi utawala wa Mabusaidi huko Oman katika karne ya 18. Upande wa pili kuna ukoo wa Ruete wa Hamburg, Ujerumani. Miti hii miwili imekutana kwa mtu mmoja: Salme bint Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Bet il Mtoni huko Unguja, akaondoka Unguja 1866, na mwaka 1867 huko Aden akabatizwa kwa jina la Emily na kuolewa na mfanyabiashara Heinrich Ruete. Anayemtafuta kwa karatasi za Ujerumani atamkuta Emily Ruete. Anayefuata ukoo wa masultani atamkuta Salme, tena mara nyingi bila mume wala watoto. Kurasa hizo zikiachwa mbili, Hamburg na Unguja hazijuani. Zikiwekwa pamoja, njia inafunguka kwa kila aliye nyuma yake, huku na huku.

Fuata hatua uone. Kutoka kwa Heinrich unakwenda kwa mkewe Salme, kwa baba yake Said, kwa mtoto mwingine wa Said aitwaye Turki aliyekuja kutawala Oman, kisha Faisal bin Turki, Taimur bin Faisal, Tariq bin Taimur, na Haitham bin Tariq ambaye ni sultani wa Oman wa leo. Hatua saba kutoka kwa mfanyabiashara wa Hamburg hadi kiti cha Muscat.

Je, Heinrich na Sultan Haitham ni ndugu? Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Kuna kuunganishwa na kuna kuwa ndugu wa damu, na tovuti hizi huvihesabu mbalimbali. Njia ya kuunganishwa hupita popote: kwa mzazi, kwa mtoto, kwa mke au mume. Undugu wa damu unataka babu au bibi mmoja aliyewazaa wote wawili. Heinrich ameunganishwa na Mabusaidi kwa ndoa tu, lakini watoto wake Antonie, Rudolph na Rosalie ni damu yao kabisa, wajukuu wa Seyyid Said. Kwa msomaji wa Kiislamu tofauti hii si ngeni, kwani Sura ya Al-Furqan, aya ya 54, inavitaja vyote viwili pamoja, nasaba na ukwe. Tofauti ni kwamba mazoea yetu ya kuandika yameishughulikia zaidi nasaba, na ukwe tumeuachia midomo ya wazee.

Na hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu naamini ndicho chanzo kikubwa cha miti yetu kubaki vipande vipande. Shajara za pwani, zikiwemo zile za masharifu wa Lamu na visiwa vyake zinazorudi Hadhramaut hadi Tarim, kwa kawaida huandikwa baba kwa baba: bin, bin, bin. Ni kazi ya kuheshimiwa, na mtu anaweza kupanda vizazi ishirini bila kukwama. Lakini mstari wa namna hiyo hauna mlango wa pembeni. Unakupeleka juu tu, hadi kwa babu wa mbali, wakati koo mbili za mtaa mmoja zilizooana mara tatu katika miaka mia zinaonekana hazina uhusiano wowote. Kiungo kati yao ni mwanamke, binti wa huku aliyekwenda kuwa mama wa kule, na huyo ndiye asiyeandikwa.

Ukoo wa Seyyid Said wenyewe unaonyesha pengo hilo. Mkewe Azza bint Seif hakumzalia mtoto. Watoto zaidi ya 30 aliowaacha walizaliwa na masuria. Kisheria walikuwa watoto kamili wa baba yao, warithi wa jina na kiti. Lakini mama zao walikuwa watu waliotolewa makwao. Mama yake Salme, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi, mtu wa milima ya Kaukazi, aliyechukuliwa angali mtoto. Mama yake Barghash, mtoto mwingine wa Said aliyekuja kutawala Zanzibar, alitoka Habeshi. Upande wa baba unapanda vizazi na vizazi, upande wa mama unaishia kwenye jina moja lisilo na ubini. Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu familia nyingi za pwani na bara zina bibi wa namna hiyo, aliyefika kwa jahazi au kwa msafara, akapewa jina jipya. Kwenye mti wa pamoja ukurasa wake lazima uwepo hata kama wazazi wake hawajulikani. Andika jina lililobaki, mahali alipoishi na watoto aliowazaa, na nafasi ya wazazi uiache wazi. Kumpachika baba wa kubuni ili mti upendeze ni kumpoteza mara ya pili.

Kwa wanawake wengine, habari njema ni kwamba ushahidi upo. Ndoa ya Kiislamu inataka walii, ambaye kwa kawaida ni baba wa bibi harusi, na asipokuwepo ni babu, kaka au ami. Kwa hiyo karatasi ya ndoa ya kadhi hubeba kile hasa ambacho shajara inakiacha: jina la mwanamke na la baba yake, na pengine la ndugu wa kiume aliyesimama badala yake. Cheti kimoja cha namna hiyo kinaweza kuunganisha miti miwili mikubwa. Kwa Wakristo, vitabu vya ubatizo hufanya kazi hiyohiyo. Misheni ya Kikatoliki ya Bagamoyo ilianza mwaka 1868, na parokia za zamani za Kilimanjaro, Tabora na Bukoba zina vitabu vinavyotaja baba, mama na msimamizi wa mtoto. Ukifika mbele ya karatasi hizo, usinakili mstari wa baba tu ukaondoka.

Sasa kuhusu mitego. Wa kwanza ni majina yanayofanana. Zanzibar imetawaliwa na Khalifa bin Said (1888 hadi 1890) na Khalifa bin Harub (1911 hadi 1960); na Ali bin Said (1890 hadi 1893) na Ali bin Hamud (1902 hadi 1911). Hao ni masultani, wenye tarehe zilizochapishwa, na bado mtu mwenye haraka huwachanganya. Fikiria basi akina Juma bin Ali wa Makunduchi, ambako mjukuu hupewa jina la babu kizazi baada ya kizazi. Bara tatizo hugeuka upande mwingine: wawili wakiitwa Massawe au Lyimo wanaweza kuwa wa ukoo mmoja wa Kichaga lakini babu yao wa pamoja yuko mbali kuliko kumbukumbu ya yeyote aliye hai. Jina la ukoo linakuonyesha pa kuanzia kuuliza, lakini peke yake halitoshi kuwa ushahidi.

Mtego wa pili ni majina yetu ya ujamaa. Mzee akisema "baba yangu", huenda anamsema baba mkubwa aliyemlea. "Kaka yangu" aweza kuwa mtoto wa ami. Kwenye maisha lugha hiyo ni sahihi na ina adabu yake, ila tovuti inapouliza baba inamtaka aliyemzaa, au inataka uonyeshe wazi kwamba huyu ni mlezi. Muulize mzee kwa upole: "Baba huyu ndiye aliyekuzaa, au ndiye aliyekulea?" Ndugu wa kunyonya nao huleta swali. Ziwa la mama mmoja linawafanya wawili wasioane, lakini tovuti hizi hazina mstari wa maziwa kwenye mti. Liandike kwenye maelezo ya ukurasa, kwa sababu siku moja litaeleza kwa nini ndoa fulani haikufungwa.

Mtego wa tatu huletwa na kompyuta yenyewe. Programu nyingi za nasaba hutoa faili la GEDCOM, muundo uliobuniwa mwaka 1984 ili mti uweze kuhama kutoka programu moja hadi nyingine. Mtu akipakia faili lenye watu elfu mbili bila kutafuta kwanza kama wameshaandikwa, anazaa mamia ya kurasa pacha kwa dakika chache, na kuzisafisha huchukua miezi. Ndiyo maana ni bora kuingiza watu wachache, kila mmoja akitafutwa kwanza kwa tahajia zote: Seif na Saif, Hamoud na Hamud, Salma na Salme. Ukikuta ukurasa pacha, usiandike wa tatu. Pendekeza kurasa hizo ziwekwe pamoja, toa ushahidi wako, na umsubiri anayeusimamia ule mwingine akubali. Ikiwa ushahidi haujatosha, kuna njia ya kuziwekea alama kwamba huenda ni mtu mmoja, zikakaa hivyo hadi karatasi ipatikane. Kutenganisha watu wawili waliowekwa pamoja kimakosa ni kazi nzito kuliko kuwaunganisha, maana watoto na wake huwa wameshachanganyika.

Miti ikiungana kwa wingi huonyesha mambo ambayo ukoo mmoja hauwezi kuyaona. Mwaka 2018 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia kurasa milioni 86 za Geni. Baada ya kusafishwa, mti mmoja mkubwa ulikuwa na watu wapatao milioni 13 walioungana. Watafiti waliona kwamba katika jamii za Magharibi wanawake walihama mara nyingi kuliko wanaume, ingawa kwa umbali mfupi zaidi. Yaani ni wanawake waliokuwa wakizishona koo za jirani na jirani. Lakini zaidi ya asilimia 85 ya kurasa zile zilihusu watu wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Sisi tumo kidogo sana, na natamani watoto wetu watukute humo tukiwa tumeandikwa na watu wetu wenyewe.

Walio hai wana kanuni zao. Tovuti hizi huficha kurasa zao, na baadhi, kama FamilySearch, humwonyesha mtu aliye hai kwa yule tu aliyemwandika au aliyeruhusiwa. Kwa hiyo kiungo kinatakiwa kifungwe kwa marehemu. Ukitaka kujiunganisha, jiandike wewe, waandike wazazi kwa faragha, kisha panda hadi kwa bibi na babu waliokwishatangulia, maana hao ndio wanaoonekana na wengine na ndio jamaa wa mbali wanaoweza kuwatambua. Omba ruhusa kabla ya kumwandika shangazi aliye hai, na usiweke tarehe yake ya kuzaliwa mahali pa wazi, kwa kuwa huenda ndiyo anayoulizwa benki. Ukikwama kwa bibi ambaye hujui ubini wake, tafuta kwanza nani alikuwa walii wake.