Stelingi Hufa: Riwaya za Kutisha, Filamu Zake na Ile "Sehemu ya Pili"

Kisumu na Nakuru, hadithi ya kutisha humfikia mtu kwa njia mbili. Kuna vitabu vya mitumba vilivyotandazwa juu ya gunia kando ya barabara, majalada yamekunjika, bei ni ya kupatana. Na kuna duka la muvi: unatoa flashi, unasema unataka za kutisha, kijana anakujazia ishirini bila kukueleza ipi ilitangulia ipi. Hizo njia mbili zikikutana kichwani mwa mtu mmoja huzaa maneno mengi yasiyo na mguu. Tuanze na lile linalokula pesa.

"Kitabu hutangulia, muvi hufuata."

Mara nyingi ndivyo, ila si siku zote. The Omen ya mwaka 1976 ilianza kama skripti ya David Seltzer, na kitabu chenye jina hilo alikiandika yeye mwenyewe kutokana na skripti hiyo. Anayekinunua akitarajia mambo mazito yaliyoachwa na filamu atakuta skripti ileile iliyoongezwa nyama kidogo.

Mtego mkubwa zaidi ni wa Dracula. Riwaya ya Bram Stoker ilitoka 1897. Mwaka 1992 Francis Ford Coppola alitoa filamu akaiita Bram Stoker's Dracula, na filamu hiyo ikaandikiwa kitabu chake na Fred Saberhagen na James V. Hart. Jina la Stoker limo kwenye kichwa cha kitabu, lakini usimulizi si wake. Ukiwa umechutama mbele ya muuzaji, fungua pale hadithi inapoanzia. Cha Stoker huanza na shajara ya Jonathan Harker, Bistritz, tarehe 3 Mei, akilalamika kwamba treni imechelewa. Halafu tazama ukurasa wa haki za kunakili, ule wenye maandishi madogo nyuma ya ukurasa wa jina. Kitabu kilichotokana na filamu hukiri humo kwamba kimetoka kwenye skripti. Humo pia huwa na mstari wa tarakimu, mathalani 10 9 8 7 6 5 4. Iliyo ndogo kuliko zote ndiyo inayokuambia uchapaji ni wa ngapi, hapa wa nne. Picha ya waigizaji kwenye jalada haithibitishi chochote, maana filamu ikitoka wachapishaji huvisha riwaya ileile ya zamani jalada jipya. Na jina la kutisha halifanyi kitabu kiwe cha kutisha: Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla (1960) ni hadithi ya upelelezi, na nzuri kweli.

"Zimwi lisipoonekana, muvi haitishi."

Aliyekulia Siaya au Vihiga hafai kusema hivyo. Mkimbiaji usiku, jajuok kwa Waluo, humwoni. Unachosikia ni mchanga ukimwagika juu ya mabati. Kisha mlango unatikiswa polepole, mara mbili. Kisha kimya, na hicho kimya ndicho kinachokutoa jasho, kwa kuwa umebaki kukisia atarudi upande gani wa nyumba.

Shirley Jackson aliijua kanuni hiyo. Katika The Haunting of Hill House (1959) kishindo kinatembea usiku kwenye korido, kinagonga mlango mmoja baada ya mwingine hadi kifike kwenye chumba walimo wanawake wawili walioshikana. Hakuna anayeingia. Robert Wise aliifanyia filamu mwaka 1963, The Haunting, bila rangi. Ndani yake kuna mlango wa mbao unaobinuka kuelekea ndani kama kifua cha mtu anayepumua. Mzimu huoni hata mara moja. Mwaka 1999 Jan de Bont aliirudia akamwaga mizimu ya kompyuta kila pembe, na hofu ikatoka nje kwa mlango wa nyuma.

Ndiyo maana filamu ya aina hii huharibika ikiwekewa sauti ya dijei. Kwenye muvi za ngumi, maelezo ya dijei huongeza ladha. Kwenye ya kutisha, yanaziba kimya ambacho mtengenezaji alikipima kwa sekunde. Faili nayo ina dhambi zake. Filamu ya saa mbili ikibanwa hadi megabaiti 700, sehemu za giza ndizo huumia kwanza: tofauti ndogo za weusi hutupwa ili kuokoa nafasi, na pale palipokuwa na kivuli kinachosogea unaona miraba ya kijivu inayocheza. Kwa filamu ya giza omba faili kubwa zaidi. Uliza pia dakika. The Shining ina nakala ya dakika 144 iliyoonyeshwa Marekani na nyingine ya 119 iliyokatwa kwa ajili ya Ulaya. The Exorcist ina ya 1973, takriban dakika 122, na ya mwaka 2000 yenye 132, ambamo msichana anashuka ngazi kinyumenyume kama buibui. Watu wawili hubishana usiku kucha kama tukio hilo limo au halimo, kumbe kila mmoja aliona nakala tofauti.

"Dracula akiguswa na jua huwa majivu."

Kwenye kitabu anatembea London mchana kweupe, ila nguvu zake zinapungua. Jua la kuua lilikuja na Nosferatu ya 1922, filamu ya Kijerumani iliyotengenezwa bila idhini. Mjane wa Stoker alishtaki, mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe, chache zikanusurika. Dracula wa kitabu anauawa kwa visu viwili, kimoja shingoni na kingine moyoni, jua likizama. Na tukiwa hapo, Frankenstein ni jina la kijana aliyeliunda zimwi. Zimwi lenyewe Mary Shelley hakulipa jina, na kwenye riwaya linazungumza kwa ufasaha kuliko wahusika wengi wa binadamu.

"Filamu bora ni ile iliyofuata kitabu mstari kwa mstari."

Ukurasa mmoja wa skripti huhesabiwa kuwa takriban dakika moja ya filamu, hivyo saa mbili ni kurasa 120. It ya Stephen King (1986) ina zaidi ya kurasa 1,100. Lazima kisu kipite, na swali ni kipite wapi. Kwenye riwaya, utoto na utu uzima vinasukwa pamoja kama mkeka: mtu mzima anakumbuka mlango, ukurasa unaofuata mtoto anaufungua. Filamu zilitenganisha nyuzi hizo, watoto 2017, watu wazima 2019. Ya kwanza ilisimama imara. Ya pili inapwaya, kwa sababu wakubwa wanakumbuka mambo ambayo mtazamaji alishayaona miaka miwili iliyotangulia.

Rosemary's Baby ya Ira Levin (1967) ilifuatwa karibu kila kitu na Roman Polanski mwaka 1968, ikafaulu. Lakini riwaya hiyo ni fupi, na sehemu kubwa ni watu wanaozungumza ndani ya vyumba. Ilikuwa nusu skripti tayari. The Shining ni kinyume chake. Kwenye riwaya ya King (1977) baba anayeitunza hoteli na familia yake anashika nyundo ndefu ya mchezo wa roque, chumba cha hatari ni 217, vichaka vilivyokatwa maumbo ya wanyama vinasogea usipovitazama, mpishi Hallorann ananusurika, na hoteli inalipuka kwa boila iliyosahauliwa. Stanley Kubrick, mwaka 1980, aliweka shoka, chumba 237, ua wa miti wenye njia za kupotezana, akamuua Hallorann, akamgandisha baba kwenye theluji na kuiacha hoteli imesimama. King hakuipenda hata kidogo. Mwaka 1997 akaandika mwenyewe skripti ya tamthilia ya televisheni ya sehemu tatu, iliyokaribia kitabu zaidi. Leo muulize mtu yeyote kuhusu The Shining, atakutajia ile ya shoka.

Wala si kwamba waandishi huchukia kila kinachobadilishwa. Mwisho wa The Mist ya Frank Darabont (2007) ni mchungu kuliko ule wa King, na King mwenyewe aliusifu.

"Sehemu ya pili ya muvi imetoka kwenye kitabu cha pili."

Hapa ndipo watu hupotea zaidi. Filamu ikishapendwa, hadithi inakuwa na wazazi wawili, kitabu na filamu, na kila mmoja anaweza kuzaa kivyake. Kabla ya kuanza sehemu ya pili yoyote, ulizia ni mtoto wa nani.

Chukua Psycho. Robert Bloch aliitoa 1959, Alfred Hitchcock akaifanya filamu 1960. Mwaka 1982 Bloch akatoa riwaya ya Psycho II, ambamo Norman Bates, muuaji wa hadithi ya kwanza, anatoroka hospitalini na hadithi inaelekea Hollywood, ambako filamu inatengenezwa kuhusu mauaji yake. Mwaka uliofuata ikaja filamu ya Psycho II. Humo Norman ameachiliwa kihalali baada ya miaka 22 na amerudi nyumbani kwake. Hizo mbili zimefanana jina tu. Ukitazama moja ukadhani umeimaliza nyingine, hujaigusa.

The Exorcist ina mkanganyiko wa namna nyingine. William Peter Blatty aliandika riwaya (1971), akaandika na skripti ya filamu ya 1973 iliyompa Oscar. Exorcist II: The Heretic ya 1977 ilitengenezwa bila yeye. Mwaka 1983 akatoa riwaya ya Legion, na 1990 akaiongoza mwenyewe kama filamu, ikaitwa The Exorcist III. Kwa hiyo kwa msomaji wa Blatty, kinachofuata baada ya ya kwanza ni ya tatu, na ya pili inarukwa bila hasara. Hata hiyo ya tatu ina kiraka: waliotoa pesa walidai tukio la kutoa pepo liongezwe mwishoni, na mshono wake unaonekana kwa macho.

Wajapani walifika mbali zaidi. Koji Suzuki alitoa Ring mwaka 1991 na mwendelezo wake, Rasen, 1995. Filamu za vitabu hivyo viwili zilitolewa siku moja, Januari 1998. Ring ikavuma, Rasen ikaanguka. Basi mwaka 1999 ikatengenezwa Ring 2, ikijifanya kwamba Rasen haikuwahi kuwepo. Aliyesoma kitabu cha pili hataitambua hadithi. Na hata ile ya kwanza inatofautiana na kitabu: mwandishi wa habari kwenye riwaya ni mwanamume, kwenye filamu ni mwanamke. Laana ya kitabu inafanya kazi kama ugonjwa, hasira ya Sadako, msichana aliyefariki, imechanganyika na virusi vya ndui, na kunakili kaseti ya video yenye laana ndiko kuusambaza. Msichana anayetambaa kutoka ndani ya televisheni, picha ambayo kila mtu huitaja, ni wa filamu peke yake.

Wakati mwingine sehemu ya pili ilikuwa tumboni mwa kitabu cha kwanza muda wote. Bride of Frankenstein ya James Whale (1935) ilichotwa katikati ya riwaya ya 1818: zimwi linaomba mwenzi, Victor Frankenstein anaanza kumtengeneza, kisha anamchanachana kabla hajakamilika. Filamu ya kwanza, ya 1931, ilikuwa imeiruka sehemu hiyo, ya pili ikaikamilisha.

Aliyebeba mzigo mzito kuliko wote ni Mike Flanagan alipofanya Doctor Sleep mwaka 2019. Riwaya ya King (2013) inaendeleza kitabu cha The Shining, ambamo hoteli ilishateketea na Hallorann yu hai. Watazamaji walikuwa wanaijua filamu ya Kubrick, ambamo hoteli ipo na Hallorann ni maiti. Flanagan akamleta Hallorann kama roho, akampeleka Danny, mtoto wa The Shining aliyekuwa sasa mtu mzima, hadi kwenye hoteli, kisha akaiteketeza kwa ileile boila ya riwaya ya 1977. Mwisho ambao Kubrick alimnyima King ukarudi kwa njia hiyo. Mpangilio unaofaa basi ni kitabu kwa kitabu, filamu kwa filamu. Ukisoma The Shining kisha ukaruka kwenye filamu ya Doctor Sleep, utajiuliza ile nyumba ilijengwa upya lini.

"Stelingi hafi."

Kanuni ya muvi za ngumi, ambamo stelingi ni mhusika mkuu. Kwenye Psycho mwanamke tunayemfuata mwanzoni anakufa mapema mno kitabuni, na Hitchcock alimpa takriban dakika 45 tu. Kwenye I Am Legend ya Richard Matheson (1954) Robert Neville, mwanadamu wa mwisho kati ya vampaya, anakufa akiwa ameelewa kwamba kwa jamii mpya iliyozaliwa, zimwi la usiku ni yeye: ndiye aliyekuwa akiwaua wamelala. Jina la kitabu linatoka hapo. Filamu ya 2007 ililigeuza, Neville anakufa kama mkombozi. Kwenye DVD kuna mwisho mwingine, ambamo anatambua viumbe wale wamemfuata mwenzao aliyemteka. Huo ndio ulio karibu na Matheson, na ndio wa kutafuta.

"Kitabu ni kipole kuliko muvi, mpe tu mtoto."

Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya huweka alama za umri kwenye filamu: GE (ya wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16, 18. Riwaya haina alama yoyote, na wengi hudhani maana yake haina neno. Kwenye filamu ya Psycho kisu kinapanda na kushuka, karibu huoni kikiingia mwilini. Kwenye kitabu Bloch anamkata kichwa mwanamke huyo. Let the Right One In ya John Ajvide Lindqvist (2004) ina mtu mzima anayetamani watoto, na imeandikwa bila kupunguza. Filamu ya 2008, ambayo skripti yake aliiandika Lindqvist mwenyewe, iliuacha upande huo karibu wote. Mzazi anayekagua kitabu guniani asiishie kwenye kurasa tano za mwanzo. Waandishi wa kutisha huanza taratibu, kwa chai, hali ya hewa na jirani mpya, kwa hiyo akifungue katikati na asome mahali patatu.