Pakiti Hii Itaishia Wapi?

Mezani palikuwa na pakiti ya unga wa omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria. Karatasi yake ya kaki ilikuwa safi, mbele ina kidirisha chenye umbo la samaki, na chini yake maneno "rafiki wa mazingira" kwa wino wa kijani. Tulikuwa majaji wanne katika ukumbi mmoja hapa Kisumu, tumeitwa kutathmini vifungashio vya wasindikaji wadogo wa kaunti za ziwa. Kila aliyepita mezani aliishika hiyo kwanza. Mwenzangu ambaye kazi yake ni kuchora vifungashio aliisifu sana. Mimi niliichana.

Niliichana polepole kuanzia pembeni. Karatasi ilipoachana, utando mwembamba wa plastiki ulibaki ukivutika kama ulimbo kabla ya kukatika. Utando huo una kazi yake: bila huo, unyevu wa hewa ya ziwa ungepenya karatasi na kugandisha unga. Tatizo ni kule pakiti inakokwenda ikiisha. Anayenunua karatasi kuukuu ataikataa kwa sababu ya plastiki, anayenunua plastiki ataikataa kwa sababu ya karatasi, na hakuna mkono wa mtu utakaovitenganisha. Itachomwa nyuma ya nyumba, au mvua itaisomba hadi mtaroni, na ziwa haliko mbali.

Nafundisha teknolojia ya chakula, na nimeketi kwenye meza za namna hii mara kadhaa. Watu hudhani majaji tunatafuta kitu kipya kinachong'aa. Sisi huuliza kwanza: hiki kifungashio kinakinga nini, na dhidi ya nini? Omena ana mafuta mengi mazuri kwa mwili, lakini mafuta ya samaki huungana na oksijeni upesi na kuchacha, na mwanga huharakisha jambo hilo. Kwa hiyo kile kidirisha kilichowavutia wateja ndicho kilichokuwa kikiuharibu unga rafuni.

Nilimuuliza mwenye pakiti, mama mmoja anayenunua omena wake ufuoni na kuwasaga mwenyewe: "Mama, unga huu ukikaa dukani miezi mitatu, unanukaje?"

Akanyamaza kidogo. "Unabadilika, daktari. Lakini mteja wa hapa hanunui asichokiona."

Alisema kweli, na nililiandika jibu lake. Mteja wetu amezoea kuona omena akipimwa kwa gorogoro sokoni, akachambua, akanusa, akaonja. Kumpa pakiti iliyofungwa ni kumwomba aache macho na pua yake. Kifungashio kizuri lazima kijibu hofu hiyo pia, vinginevyo hakitauzika, na kisichouzika hakina uendelevu wowote.

Lakini chakula kinachoharibika ndani ya pakiti ni hasara kubwa kuliko pakiti yenyewe. Fikiria safari ya gramu 500 za unga ule: mafuta ya injini ya boti, taa za kuvulia usiku, siku za kuanika, umeme wa kusaga, nauli. Mara nyingi mzigo ambao mazingira yameubeba kutengeneza chakula unazidi kwa mbali mzigo wa kukifungasha. Ndiyo maana kwenye tathmini nyingi kinga hupimwa kabla ya rangi na umbo. Tunaiangusha pakiti kutoka mezani ikiwa imejaa, kwa upande, kwa pembe na kwa kitako. Tunaiweka kwenye kabati la joto la nyuzi 38 na unyevu wa asilimia 90, hali ambayo maabara nyingi hutumia kuiga nchi za joto. Na tunaizamisha ndani ya maji na kuiminya tukitafuta viputo, kwa sababu pakiti nyingi za wasindikaji wadogo huvuja kwenye mshono wa juu. Hili la mwisho halihitaji maabara. Beseni linatosha.

Hapo ndipo huja swali la malighafi, na hapo watu huja na majibu tayari. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea, kwa faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4 au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4, wengi wetu tumeamini kwamba karatasi ni njema na plastiki ni mbaya. Naiunga mkono sheria ile kwa moyo wote. Mitaro ya miji yetu ilikuwa imezibwa. Hata hivyo, ile mifuko laini kama kitambaa iliyojaa madukani baadaye nayo kwa kawaida ni plastiki, polipropilini iliyobanwa bila kufumwa. Na mfuko wa pamba halisi haukupatikana bure. Utafiti wa mamlaka ya mazingira ya Uingereza wa mwaka 2011 ulikadiria kwamba mfuko wa pamba hutakiwa kutumika mara 131 ndipo mzigo wake kwa tabianchi ushuke chini ya ule wa mfuko mwembamba wa plastiki uliotumika mara moja. Ukiwa nao mmoja na unaenda nao sokoni kila Jumamosi, utafika huko. Ukiwa na kumi na tano uliyopewa kwenye mikutano, imelala kabatini, hutafika.

Nitoe mfano wa plastiki ambayo ningeipa alama za juu bila kusita. Mkulima wa mahindi wa Bungoma au Trans Nzoia anajua hasara ya fukusi, na ya yule mdudu mkali zaidi ambaye wakulima wengi humwita Osama. Gunia lisilopitisha hewa lina mifuko miwili ya polithini ndani ya gunia la kawaida la kufumwa. Mahindi yakiwa yamekauka vizuri, unyevu usiozidi asilimia 13.5, mkulima huujaza mfuko, huutoa hewa na kuukaza kila mmoja peke yake. Wadudu walio ndani huimaliza oksijeni iliyobaki, wakaacha kula na kuzaliana, kisha wakafa. Hakuna dawa ya unga inayochanganywa na chakula cha watoto. Gunia likitunzwa lisitobolewe, hutumika zaidi ya msimu mmoja. Wazo hilo lilianzia kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walioshughulika na kunde za wakulima wa Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980. Halina urembo wowote. Limeokoa chakula kingi.

Kisha kuna neno linalonisumbua kuliko yote kwenye lebo: "inaoza". Nikiliona nauliza, inaoza wapi, na kwa muda gani? Kiwango cha Ulaya cha EN 13432 hudai kifungashio kimeng'enywe kwa asilimia 90 ndani ya miezi 6, lakini katika hali ya mtambo wa mboji wenye joto la karibu nyuzi 60. Plastiki nyingi zinazotengenezwa kwa wanga wa mahindi huhitaji joto hilo. Jaa la Gioto pale Nakuru si mtambo wa mboji, wala jaa la Kachok ambalo wakazi wa Kisumu waliishi nalo kwa miaka mingi halikuwa. Plastiki hiyo ikitupwa hapo hukaa. Mbaya zaidi ni zile zilizotiwa kemikali ili zimeguke haraka juani: hupotea machoni kwa kuwa zimekuwa vipande vidogo, na Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kupitia sheria yake ya mwaka 2019.

Kuna mahali ambapo kuoza kuna maana kamili, na mfano wake mzuri umetoka kwetu. Joseph Nguthiru, aliyesomea uhandisi Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro, alikuwa na wenzake katika Ziwa Naivasha boti yao iliponaswa na gugumaji. Kutokana na mmea huohuo alianzisha HyaPak, inayotengeneza vifungashio vinavyooza, vikiwemo vya kuotesha miche badala ya viriba vya plastiki. Mwaka 2025 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilimtaja miongoni mwa vijana mabingwa wake wa dunia. Ninachokipenda hapo ni ulinganifu: kiriba cha mche kinaishia ardhini, na ardhini ndiko kinakotakiwa kuozea. Hakuna anayetakiwa kukikusanya. Sisi wa Ghuba ya Winam hapa Kisumu, tunaolijua gugumaji kwa kufungiwa njia ya kwenda kuvua, tunaona pia faida ya kulitoa ziwani.

Jambo moja majaji wengi hulisahau ni mabega ya watu. Pale Molo na Mau Narok viazi viliuzwa kwa miaka kwenye magunia yaliyoongezwa kilemba cha wavu juu, yale wanayoyaita mukorino. Mkulima alilipwa gunia moja akatoa karibu moja na nusu, na mbebaji akaubeba mzigo ambao hakuna mgongo ulioumbwa kuubeba. Kanuni za mwaka 2019 chini ya Sheria ya Mazao zikaweka kikomo cha kilo 50. Hakuna malighafi mpya hapo, hakuna mashine. Ni kipimo tu, nami nauhesabu uamuzi ule kuwa miongoni mwa ubunifu mkubwa wa ufungashaji katika nchi hii, ingawa utekelezaji wake sokoni bado unahitaji kusukumwa.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 imemwekea mzalishaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya mteja kuimaliza. Msindikaji mdogo akiisikia hushtuka. Nawashauri waanze na hatua rahisi: tumieni malighafi ya aina moja katika pakiti nzima. Mfuniko, lebo na chupa vikiwa vya jamii moja, mwokotaji taka anavuna kitu cha kuuza. Unaweza kupima nyumbani. Kata kipande kidogo ukitie ndani ya maji: polithini na polipropilini huelea, plastiki ya chupa za soda huzama. Pakiti ambayo upande mmoja unavutwa chini na mwingine juu, itamsumbua kila mtu baada yako.

Yule mama hakupata nafasi ya kwanza. Tulimpa maoni ya kurasa mbili, na baada ya miezi kadhaa alikuja maabara na pakiti mpya, ya polipropilini tupu, isiyopitisha mwanga, na mbele imechapishwa omena kwa ukubwa wake halisi. Wenye maduka amewapa kikopo chenye mfuniko, kimejaa unga wa wiki hiyo, ili mteja anuse kabla ya kulipa. Tuliizamisha pakiti kwenye beseni. Kiputo kimoja kilitoka kwenye kona ya kushoto ya mshono, tukarekebisha joto la mashine yake, tukazamisha nyingine, haikutoa kitu. Maneno "rafiki wa mazingira" bado yalikuwepo. Nilimwomba ayafute na mahali pake aandike duka gani linapokea pakiti tupu. Amesema atayafuta akishapata duka litakalokubali, na sasa tunalitafuta pamoja.